Jengo Limejaa, Faida Iko Wapi?

Chukua jengo la ghorofa tano pembeni mwa Nairobi. Lina nyumba 40 za chumba kimoja cha kulala, kila moja inapangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Mpita njia huinua macho, akazidisha 40 kwa 30,000 kisha kwa 12, akapata shilingi milioni 14.4 kwa mwaka, akashusha pumzi ya wivu. Hesabu yake ni sahihi, ila fedha hizo hazipo. Hakuna mwaka ambao jengo la namna hiyo linaleta milioni 14.4, na kampuni inayopanga matumizi yake juu ya namba hiyo huishia kumtafuta dalali wa kuuza.

Kampuni zinazomiliki majengo ili kupangisha zimegawanyika mafungu kadhaa: kampuni binafsi za kifamilia, mifuko ya pensheni, mashirika ya umma kama Shirika la Nyumba la Taifa la Tanzania, na mifuko ya uwekezaji wa majengo, ile inayoitwa REIT, ambayo vipande vyake huuzwa kwa wawekezaji. Sura ni tofauti, hesabu ya ndani ni ileile. Anayeielewa kwenye jengo moja la nyumba 40 anaweza kusoma taarifa ya mfuko wenye mabilioni bila kubabaika.

Tuafikiane neno moja kwanza. Mtaani "kodi" ni ile anayolipa mpangaji, na ni ileile inayodaiwa na serikali. Hapa ya mpangaji tutaiita pango, na kodi tutaiachia serikali, maana zote mbili hukutana kwenye ukurasa mmoja wa hesabu.

Kutoka milioni 14.4 kwenda chini

Kitu cha kwanza kinachokula pango ni mlango uliofungwa. Mpangaji akihama, kuta hupakwa rangi, kitasa hubadilishwa, sinki huzibuliwa, kisha ndipo anatafutwa mwingine. Kazi hiyo ikichukua wiki mbili, nyumba ile imepoteza karibu asilimia 4 ya mwaka wake. Ikichukua mwezi, imepoteza zaidi ya 8. Ndiyo sababu kampuni inayojua kazi yake huingia kukagua nyumba siku mpangaji anapotoa notisi. Hapo ndipo rangi hununuliwa na fundi hupewa tarehe, haisubiriwi siku ya kukabidhi funguo. Kwa jengo letu tuweke asilimia 8 kwa nyumba tupu na 3 kwa wapangaji wanaoondoka na deni. Kinachokusanywa kweli ni kama shilingi milioni 12.8.

Halafu jengo lenyewe linaanza kula. Keateka, yaani mtunza jengo, shilingi 25,000 kwa mwezi. Kampuni ya ulinzi, askari mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, 60,000. Mfagiaji 18,000. Hao peke yao ni zaidi ya milioni 1.2 kwa mwaka. Umeme wa pamoja, yaani taa za ngazi, pampu ya kisima na lifti, 55,000 kwa mwezi, sawa na 660,000 kwa mwaka. Taka na gari la kunyonya maji machafu 240,000. Mkataba wa lifti na ukaguzi wake 180,000. Bima 120,000. Ada ya ardhi ya kaunti 100,000. Meneja wa jengo anachukua asilimia 6 ya anachokusanya, ongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 juu ya ada yake, karibu 892,000. Matengenezo ya kawaida asilimia 5 ya makusanyo, 640,000. Jumla ni kama milioni 4.1. Namba hizi ni za mfano na kila jengo lina zake, lakini uwiano ndio huo: kwa nyumba za kuishi zenye lifti na kisima, theluthi ya makusanyo kuliwa na uendeshaji si jambo la kushangaza.

Kinachobaki, karibu milioni 8.75, ndicho mapato halisi ya jengo. Hiyo ndiyo namba anayoitafuta mnunuzi, benki na mthamini. Bado haijawa faida. Kuna akiba ya matengenezo makubwa, ambayo wamiliki wengi huiruka: paa litahitaji lami mpya, pampu itaungua, lifti itachakaa. Tuweke tena asilimia 5, 640,000. Na kuna kodi. Nchini Kenya, mwenye nyumba mkazi anayepokea pango la makazi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya pango lote, kiwango kilichoshushwa kutoka 10 kuanzia Januari 2024. Hapa ndipo wengi huteleza: asilimia hiyo hukatwa kwenye makusanyo, si kwenye faida. Hakuna gharama inayoruhusiwa kutolewa, si ya mlinzi wala ya riba. Kwa jengo letu ni shilingi 960,000 hivi. Zinabaki milioni 7.1.

Thamani ya jengo iko kwenye daftari

Wenye majengo wapya hupima thamani kwa gharama ya mawe na saruji. Soko la wawekezaji hupima kwa mapato. Mapato halisi hugawanywa kwa kiwango cha mapato ambacho wanunuzi wa eneo hilo wanakikubali. Wakikubali asilimia 7, milioni 8.75 zinatoa thamani ya milioni 125. Wakidai asilimia 8 kwa sababu hati fungani, yaani mikopo ambayo serikali huchukua kwa wawekezaji kwa riba, zinalipa vizuri, jengo lilelile, na wapangaji walewale, linashuka hadi milioni 109. Milioni 16 zimeyeyuka bila tofali kuanguka.

Mlango huohuo hufunguka upande wa pili. Kampuni ikipunguza gharama kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, mapato halisi yanapanda 600,000 kwa mwaka, na kwa kiwango cha asilimia 7.5 thamani ya jengo inapanda milioni 8. Ukimwona meneja anagombana juu ya balbu za ngazini na saa ambazo pampu inawaka, usimwone mchoyo.

Kwa upande wa hesabu za vitabu, hapa pana mtego. Kanuni za kimataifa za uhasibu huruhusu kampuni kuonyesha majengo yake ya kupangisha kwa thamani ya soko, na kupanda kwa thamani huingizwa kwenye faida ya mwaka. Kampuni inaweza kutangaza faida ya milioni 300 ambayo 220 kati yake ni maoni ya mthamini. Hizo hazilipi gawio. Unaposoma taarifa, tafuta mtiririko wa fedha taslimu kutokana na shughuli, ulinganishe na gawio lililotangazwa. Gawio likizidi fedha hizo mwaka baada ya mwaka, linalipwa kwa mkopo au kwa mtaji.

Mkopo ndio unaoua

Tuseme jengo letu limegharimu milioni 120 na kampuni imekopa nusu, milioni 60, kwa riba ya asilimia 14. Riba ya mwaka wa kwanza pekee ni milioni 8.4. Mapato baada ya akiba na kodi yalikuwa milioni 7.1. Jengo limejaa wapangaji wanaolipa, na mmiliki anatoa mfukoni milioni 1.3 kwa mwaka kabla hajagusa deni lenyewe.

Kuna nafuu moja ambayo wasimamizi wa kodi huijua na wenye nyumba wengi hawaijui: sheria inamruhusu mwenye jengo kumwandikia Kamishna wa mamlaka ya mapato akaomba kutolewa kwenye ile asilimia 7.5 na kutozwa kama kampuni ya kawaida, asilimia 30 ya faida baada ya gharama na riba. Kwa jengo lenye mkopo mzito, faida inayotozwa inakuwa ndogo mno na kodi inashuka kutoka 960,000 hadi kama laki moja. Pengo linapungua, haliondoki.

Sababu ni nyepesi. Jengo linatoa asilimia 7.3 ya gharama yake, benki inataka 14. Kila shilingi iliyokopwa inaingia na hasara. Marekani na Ulaya, kwa vipindi virefu riba imekuwa chini ya mapato ya majengo, na huko mkopo huongeza faida ya mwenye hisa. Anayesoma vitabu vya huko na kuvileta Nairobi au Dar es Salaam bila kubadilisha kiwango cha riba anajichimbia shimo. Mwezi Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hati fungani ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Kwa nini basi mtu anunue jengo la asilimia 7? Kwa sababu pango hupanda na hati haipandi, na kwa sababu ardhi chini ya jengo huongezeka thamani. Hoja hizo ni za kweli kwa anayeweza kusubiri miaka 15. Anayelipa riba kila mwezi hana miaka 15.

Ndiyo maana miongoni mwa wamiliki wakubwa wa majengo Afrika Mashariki ni mifuko ya pensheni na mashirika ya umma. Fedha zao nyingi ni za muda mrefu na hazidaiwi riba.

REIT ni nini hasa

Wazo lilizaliwa Marekani. Mwaka 1960 Rais Eisenhower alitia saini sheria iliyoruhusu watu wengi kuchanga na kumiliki majengo makubwa kwa pamoja bila kutozwa kodi mara mbili. Masharti ya leo huko ni kwamba angalau asilimia 75 ya mali iwe kwenye majengo, wamiliki wasipungue 100, watu watano wasimiliki zaidi ya nusu, na asilimia 90 ya mapato yanayotozwa kodi yagawiwe kwa wanahisa. Ukitimiza hayo, mfuko haulipi kodi ya shirika kwenye kilichogawiwa. Mwanahisa ndiye anayelipa.

Kenya ilitoa kanuni zake mwaka 2013. Inatambua aina mbili kuu. Mfuko wa mapato hununua majengo yaliyokwisha kujengwa na kupangishwa, nao hutakiwa kuweka angalau asilimia 75 kwenye majengo yanayoleta pango na kugawa asilimia 80 ya mapato. Ukopaji wake umewekewa dari ya asilimia 35 ya thamani ya mali, na baada ya hesabu za riba tulizofanya hapo juu, msomaji anaona dari hiyo imewekwa kwa nini. Mfuko wa ujenzi hujenga, na unaruhusiwa kukopa zaidi, hadi asilimia 60.

Muundo una watu wanne ambao si vizuri kuwachanganya. Mdhamini hushika hati kwa niaba ya wenye vipande. Meneja wa mfuko huamua kinunuliwe nini na kiuzwe nini. Meneja wa majengo hukusanya pango na kuita fundi. Mthamini hukadiria. Kila mmoja ana ada yake, na ada hizo zinakatwa kabla ya gawio. Mfuko mkubwa huzibeba bila kuzihisi. Mfuko mdogo huzibeba kichwani.

Mfano wa wazi ni Fahari, mfuko wa kwanza wa mapato nchini Kenya. Uliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi mwezi Novemba 2015, kipande kimoja shilingi 20. Ulitaka kukusanya shilingi bilioni 12.5, ukapata 3.6. Ukabaki na majengo machache, na lililobeba mzigo mkubwa ni Greenspan Mall, Donholm. Mfuko uliopangwa kuendeshwa na mabilioni 12 ulijikuta na gharama za mdhamini, meneja, wakaguzi na soko juu ya mabilioni matatu na kitu. Kisha duka kubwa la Tuskys, mpangaji mkuu wa Greenspan, lilianguka mwaka 2020 pamoja na matawi yake mengine nchini. Bei ya kipande ilishuka hadi karibu shilingi 6, wakati mali iliyokuwa nyuma ya kila kipande ilikuwa na thamani kubwa kuliko hiyo. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo waliahidiwa shilingi 11 kwa kipande, na mwaka uliofuata mfuko ukaondolewa kwenye ubao wa kawaida wa soko na kuhamia jukwaa la dhamana zisizoorodheshwa.

Mtu aliyenunua kwa 20 na kuuza kwa 11 atasema majengo hayafai. Majengo yalikuwepo na wapangaji walikuwepo. Kilichoharibika ni udogo wa mfuko, utegemezi wa jengo moja na mpangaji mmoja, na soko ambalo siku nzima vipande vinavyobadilishana mikono ni vichache, kwa hiyo mwenye haraka huuza kwa bei ya anayejua kwamba ana haraka.

Acorn, wanaojenga hosteli za wanafunzi za Qwetu na Qejani jijini Nairobi, walifuata njia nyingine mwaka 2021. Walisajili mifuko miwili kwa pamoja: wa ujenzi unajenga na kujaza hosteli, kisha unauzia mfuko wa mapato. Hatari ya saruji kupanda bei na kibali kuchelewa inabaki kwa wa kwanza, na wa pili hununua kitu kilichokwisha kuonyesha pango lake. Hosteli ina sifa yake pia: wapangaji ni mamia, kwa hiyo hakuna Tuskys wa kuondoka na sehemu kubwa ya mapato. Ubaya wake ni likizo na kalenda ya vyuo, na vitanda ambavyo huchakaa haraka kuliko sakafu ya ofisi.

Mlango wa mwananchi wa kawaida ni mwembamba. Mifuko mingi ya Kenya ni ya toleo la masharti, ambalo kiwango cha chini cha kununua ni shilingi milioni 5. Tanzania nayo ilitunga kanuni za REIT mwaka 2011 chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na Watumishi Housing ndiyo iliyoshika leseni hiyo ikiwa na fedha za mifuko ya jamii, kwa kazi ya kujengea nyumba watumishi wa umma.

Mikataba: mahali ambapo pango hupotea kisheria

Mwenye jengo la ofisi Nairobi akikuambia mkataba wake ni wa miaka mitano na miezi mitatu, usidhani amekosea kuhesabu. Sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka na hoteli, sura ya 301, humlinda mpangaji wa biashara ambaye hana mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, au ambao unaruhusu kuvunjwa ndani ya miaka hiyo kwa sababu nyingine isiyo ya kukiuka masharti. Akiwa ndani ya ulinzi huo, kupandisha pango au kumtoa kunahitaji notisi ya miezi miwili kwa fomu maalumu, naye anaweza kwenda kwenye baraza la migogoro na jambo likakaa miaka. Miezi mitatu ya ziada inamtoa kwenye ulinzi huo. Kampuni inayonunua jengo lenye wapangaji wa makubaliano ya mdomo hununua pamoja nalo migogoro ambayo haimo kwenye hati, kwa hiyo mikataba husomwa mmoja mmoja kabla ya kulipa amana.

Kwa ofisi na maduka makubwa kuna vifungu vitatu vinavyoamua kila kitu. Cha kwanza ni kupanda kwa pango, mara nyingi asilimia 7.5 kila mwaka au 15 kila baada ya miaka miwili. Kikikosekana, mfumuko wa bei hula jengo kimyakimya. Cha pili ni miezi ya bure anayopewa mpangaji kupanga ofisi yake. Meneja anayetaka jengo lionekane limejaa hugawa miezi sita ya bure, na orodha ya wapangaji inapendeza huku akaunti ikiwa kavu. Cha tatu ni ada ya huduma za pamoja, inayolipwa kwa futi za mraba: usafi, ulinzi, jenereta, maji. Jengo la futi 100,000 likiwa na futi 30,000 tupu, lifti na taa hazipungui kwa asilimia 30. Pengo hilo hulipwa na mmiliki, na halionekani kwenye mstari wa pango hata kidogo. Ofisi tupu ina gharama mbili: pango lisiloingia na huduma isiyo na mlipaji.

Dar es Salaam ina sura yake. Nyumba za makazi hulipiwa miezi sita au mwaka mzima mbele, na dalali huchukua pango la mwezi mmoja. Kwa mmiliki inaonekana neema. Kwa kampuni ni kipimo cha nidhamu, kwani fedha zilizoingia Januari ni za pampu itakayoungua Oktoba. Mapato ya mwaka yakiandikwa yote siku yalipoingia, mwezi wa kwanza kampuni ni tajiri na wa tisa inakopa mishahara. Mpangaji akiwa kampuni, hukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, ikampa mwenye jengo cheti cha makato. Andika kwenye daftari pango lote, si kilichoingia benki, na kifuate cheti mwezi huohuo. Usipokuwa nacho, makato hayo huwezi kuyadai popote.

Soko la Dar limepata mitikisiko miwili ambayo haikuwa kwenye mahesabu ya mtu. Uamuzi wa mwaka 2016 wa serikali kuhamia Dodoma uliondoa wizara, na nyuma yake watumishi, kwenye majengo yaliyodhaniwa kuwa na mpangaji wa milele. Halafu mwaka 2025 serikali ikapiga marufuku kupanga na kulipa bei kwa fedha za kigeni kwa shughuli za ndani, na mapango ya Masaki na Oysterbay yaliyozoea dola yakalazimika kuhamia shilingi. Kampuni iliyokopa dola ikitegemea pango la dola ndiyo iliyobaki na mguu mmoja kila upande.

Na kuna nyumba za Msajili. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, na hadi leo wazee wa Upanga na Kariakoo husema "nyumba ya Msajili". Shirika lilirithi majengo katikati ya jiji, kwenye ardhi ghali kuliko zote, yenye mapango yaliyowekwa enzi nyingine. Kwa lugha ya hesabu zetu, ardhi ya thamani kubwa ilibeba mapato halisi madogo. Njia iliyotumika ni ubia: shirika linatoa kiwanja, mwekezaji anatoa fedha, ghorofa linapanda, umiliki unagawanywa. Ugumu haumo kwenye ujenzi. Umo kwenye kukubaliana kiwanja kina thamani gani siku ya kwanza, maana hiyo ndiyo inayoamua nani anapata ghorofa ngapi.

Kazi ya kila siku, na wizi wake

Pango la nyumba 40 halikusanywi kwa mkono. Kila nyumba hupewa namba, mpangaji hulipa kwa M-Pesa akiandika namba hiyo kama akaunti, na tarehe 6 orodha ya malipo hulinganishwa na orodha ya wapangaji. Kosa la kawaida ni mpangaji kuandika jina la mtoto au namba ya zamani. Malipo yasiyo na mwenyewe yakiachwa miezi mitatu, hakuna atakayekumbuka ni ya nani.

Wizi mkubwa haufanyiki kwenye pango lililopokelewa, unafanyika kwenye nyumba iliyoandikwa tupu. Keateka humweka mtu ndani, hupokea kwake fedha taslimu, na kwenye ripoti nyumba B7 haina mtu kwa mwezi wa tatu. Dawa yake haihitaji kamera. Soma mita ya maji ya kila nyumba mwisho wa mwezi, na umeme wa malipo ya kabla kwa kila mita. Nyumba tupu haioshi vyombo.

Amana za wapangaji, hapa milioni 1.2, zikae kwenye akaunti yake. Si za kampuni. Kampuni inayozitumia kulipia ukarabati hugundua kosa mwezi ambao wapangaji wanne wanahama pamoja, na mpangaji ambaye hakurudishiwa amana hulipiza kwa kuacha kulipa mwezi wa mwisho, kisha anawafundisha majirani. Fomu ya makabidhiano yenye picha, iliyosainiwa siku ya kuingia, humaliza ubishi mwingi kuliko wakili.

Kuhusu maji, vifaa viwili vya bei ndogo huokoa kifaa cha bei kubwa: boya la tanki la juu, na kihisi cha kina cha maji ndani ya kisima. Boya likikwama, maji yanamwagika usiku kucha na bili ya umeme inapanda. Kihisi kikifa, pampu inavuta hewa, inapata joto na kuungua. Kwenye paa, adui ni ufa mdogo pembeni mwa ukuta wa juu. Maji hupita, nondo zinapata kutu, zege linavimba na kubanduka, na kilichokuwa kazi ya ndoo mbili za lami kinakuwa kazi ya mhandisi.

Siku ya kuuza

Nchini Kenya uuzaji wa jengo mjini humtoza mnunuzi ushuru wa stempu wa asilimia 4, na muuzaji asilimia 15 ya faida ya mtaji, kiwango kilichopandishwa kutoka 5 kuanzia Januari 2023. Kwa jengo la milioni 120 stempu pekee ni milioni 4.8, zaidi ya nusu ya mapato halisi ya mwaka. Hapo ndipo hujitokeza mshauri anayesema: usinunue jengo, nunua hisa za kampuni inayomiliki jengo, stempu itashuka. Anachosahau kutaja ni kwamba anayenunua kampuni anarithi vitabu vyake vyote: pango ambalo halikutangazwa miaka minne iliyopita, amana zilizotumika, kesi ya keateka aliyefukuzwa bila barua, riba iliyolimbikizwa kwa mamlaka ya mapato. Jengo halina deni la kodi la mtu aliyekuwa mkurugenzi wake. Kampuni inalo. Kwa hiyo wakili wa mnunuzi hudai cheti cha kutodaiwa kodi, hulinganisha pango lililotangazwa kwa mamlaka na taarifa za M-Pesa za miaka mitano, na sehemu ya bei hubaki mikononi mwa mawakili kwa miezi kadhaa hadi ukaguzi uishe. Muuzaji anayekataa sharti hilo la mwisho ameshatoa jibu.